Dakika Hamsini na Mbili za Bwana Hakika

Leo Alhamisi, tarehe 30 mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, Fundi Mkuu wa hospitali yetu atakabidhi funguo arobaini na moja, kila mmoja na kibandiko chake, na kustaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na mitano. Ni mtu wa kazi. Siku aliyooa alipitia karakana kwanza kuangalia pampu ya maji, akafika kanisani na alama ya grisi kwenye suti, alama ambayo mimi, niliyekuwa dobi wa hospitali hii, sijaweza kuitoa mpaka leo.

Anayeandika ni mama yake mzazi. Najua utaratibu ni kwamba wasifu wa mstaafu huandikwa na mfanyakazi mwenzake. Basi mimi ni mwenzake. Nilifua hapa miaka ishirini na miwili, na kumi na miwili ya mwisho tulikuwa wote kazini, yeye karakana, mimi kwenye masinki. Darasa langu ni la nne, lakini ninyi wenye madarasa marefu mlishaandika wenu na mnajua kilichoupata.

Wasifu wa kwanza uliandikwa na Katibu wa hospitali, kwenye karatasi nzuri, ukiwa na sentensi hii: "Chini ya uongozi wake umeme wa hospitali haukuzimika hata dakika moja." Sentensi hiyo ilishapelekwa kwa mchongaji wa vibao vya shaba. Mstaafu aliisoma, akaikunja, akamrudishia Katibu, akasema ikisomwa hiyo, wakati wa kusimama apigiwe makofi yeye atabaki amekaa mpaka wageni wamalize soda zao waondoke. Katibu akadhani ni unyenyekevu. Mimi nilipoambiwa nilicheka hadi nikashika mbavu. Mwanangu kaumbwa na mengi, ila unyenyekevu ulimfikia ukubwani, tena kwa kuchelewa. Siku uliyofika ndiyo hiyo Katibu anayoificha, na ndiyo mwanangu anayotaka isomwe. Kwa hiyo naisoma.

Kwanza nimsifu, maana nisipomsifia mwanangu mimi, nani atamsifia? Mstaafu wetu alianza kuhesabu kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Akiwa na miaka tisa alifungua redio ya marehemu baba yake, akaifunga tena, skrubu mbili zikabaki mezani, na redio ikalia vizuri kuliko mwanzo. Baba yake alipouliza habari ya zile skrubu, alijibiwa kwamba kiwanda ndicho kilichokosea. Nilinyanyua fimbo, lakini nilikuwa nacheka, na mkono unaocheka hauchapi. Hapo nilikosea mimi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mimi nilimlea aamini kwamba hata kiwanda kikibishana naye, kiwanda ndicho kijirekebishe.

Alifika hapa na umri wa miaka ishirini na mitano, na cheti cha umeme ambacho nilikipiga pasi mwenyewe kwa kitambaa juu. Mwezi wake wa kwanza alitengeneza mashine kubwa ya kufulia, ile ambayo mafundi watatu walikuwa wameiandikia kifo. Ilipoanza kuzunguka niliwaambia wenzangu wa masinki: mnaona? Hili tumbo langu mnalolicheka kwa ukubwa, ndilo lililotoa hiyo akili. Baadaye akayafanya matangi ya maji yajijaze yenyewe, akaweka kengele kwenye kila kitanda, akaweka maji ya moto ya jua kwenye paa la wodi ya wazazi. Kila ukimwuliza kama kitu alichofunga kitadumu, alikuwa na jibu moja tu: "Hakika." Wauguzi wakamwita Bwana Hakika. Mimi wakaniita Mama Hakika, na sikukataa, nilitembea nalo kama kitenge kipya.

Alipofika miaka arobaini akawa Fundi Mkuu, na hapo ndipo kichwa kilipoanza kuhitaji mlango mpana zaidi.

Wote mnaofanya kazi hapa mnalijua daftari la maombi la pale kanisani kwetu, lile la jalada gumu. Kila Jumatatu asubuhi kila idara inaandika ombi moja, mchungaji wa hospitali analisoma, tunaomba, tunaenda kazini. Jikoni huomba moto usiwasumbue. Sisi wa dobi tuliomba jua. Mara nyingine tuliletewa mvua, tukaanika ndani, tukarudi Jumatatu nyingine kuomba jua. Sasa mwanangu alipokabidhiwa idara, aliandika hivi kwa mwandiko wake wa rula: "Ufundi: hakuna ombi." Jumatatu iliyofuata: "Ufundi: hakuna ombi." Akaandika hivyo miaka tisa. Mchungaji alimwita kando akamwambia, basi hata kushukuru, fundi. Jumatatu iliyofuata akaandika: "Ufundi: hakuna ombi. Asante."

Watu walicheka. Mimi, niliyekuwa nimeshastaafu ila maombi ya Jumatatu siyaachi, nilikaa safu ya pili nikitazama viatu vyangu. Nyumbani nilimwuliza kwa nini ananidhalilisha. Akanieleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto, kwamba kuomba umeme usizimike wakati kuna jenereta mbili, na ya tatu ya kuzisubiri hizo mbili, na betri za kusubiri hiyo ya tatu, ni kumpotezea Mungu muda. "Mama," aliniambia, "Mungu ana kazi nyingi. Hii nimemsaidia." Nikamwambia, haya, msaidizi wa Mungu, kula chakula kinapoa.

Sasa sikilizeni jinsi akili nyingi zinavyoondoa maarifa. Umeme wote wa hospitali, wa nguzo, wa jenereta na wa betri, ulipita kwenye sanduku moja la chuma ambalo linachagua lenyewe uingie upi. Zamani palikuwa na mkono wa chuma ukutani, unauvuta kwa nguvu zako na umeme unahama. Mstaafu aliukata nyaya akasema ni mambo ya kizamani, mtu anayeuvuta anaweza kuwa amelala, sanduku halilali. Kisha akaliziba lile sanduku. Alikagua kila upenyo: panya, maji, vumbi, mwizi. Alipita na tochi na kijiti cha kupimia, na wafanyakazi wa karakana walikoma, kila aliyeacha ufa alisemwa mbele ya watu. Likawa halipitishi hata sisimizi. Halafu, kwa kuwa yeye ni Bwana Hakika, akatoboa tundu moja dogo yeye mwenyewe, la kupitisha waya wa kipimajoto, ili sanduku likipata moto simu yake imwambie popote alipo. Uvumbuzi wake mkubwa ulikuwa huo. Alinionyesha kwenye simu: "Hali shwari." Kila nusu saa, "Hali shwari." Nilijivuna hadi kwa majirani.

Kwenye tundu hilo alipita mjusi, yule mweupe wa ukutani tunayemwita mjusi kafiri. Alifuata joto, nadhani, kama kiumbe chochote. Ilikuwa miaka kumi na moja iliyopita, Jumatano, saa nne na dakika kumi na tisa asubuhi. Mjusi alikanyaga panapounguza, akaungua, na sanduku likaungua naye.

Mimi nilikuwa nimekuja kliniki ya presha. Feni ikasimama. Tukasikia jenereta zikiwaka, ya kwanza, ya pili, ya tatu, zikanguruma vizuri ajabu, kama kwaya, na taa hata moja haikuwaka. Umeme ulikuwapo mwingi. Njia ya kuupitisha ndiyo iliyokufa. Na saa nne na dakika ishirini na moja simu ya Fundi Mkuu ikaleta ujumbe: "Hali shwari."

Chumba cha upasuaji walimalizia kushona kwa tochi za simu. Lakini jambo zito lilikuwa chumba cha watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Walikuwa wanne kwenye mashine za joto, mkubwa wao kilo moja na nusu, na mashine zikikosa umeme zinabaki masanduku ya kioo. Nilipanda ngazi, presha na yote, kwa sababu mtu aliyefua nguo za chumba hicho miaka ishirini na miwili hawezi kukaa benchi. Nikamkuta mwanangu amefika mlangoni anahema, anamwambia sista mkuu wa chumba kwamba jenereta zote tatu zinafanya kazi kikamilifu.

Sista alikuwa tayari na mtoto mmoja kifuani, ngozi kwa ngozi, kanga juu. Muuguzi mwenzake alikuwa na mtoto mwingine. Mama mmoja alikuwepo amembeba wa kwake. Alibaki mmoja, mtoto wa kike, kilo moja na robo, na mikono imekwisha. Mimi nimesimama, lakini kwa presha yangu nilikuwa natetemeka kama chekecheke. Sista akamtazama Fundi Mkuu kuanzia kichwani hadi kwenye mkanda wa zana.

"Vua shati," akamwambia.

"Sista, mimi nahitajika kwenye sanduku..."

"Sanduku lina watu. Huyu hana. Nawa mikono, vua shati, kaa hapa. Wewe sasa ni mashine ya joto, na usiningurumie."

Akakaa. Fundi Mkuu wa hospitali, mwenye vyeti vitano ukutani, akakaa kwenye kigoda na mtoto mdogo kuliko bisibisi zake, kichwa cha mtoto chini ya kidevu chake, na simu yake ikiwa sakafuni inamwambia hali shwari. Hakuwa na la kutengeneza. Hakuwa na la kubana wala kulegeza. Kazi yake ilikuwa kuwa na damu moto, kitu ambacho hata mbuzi anacho. Niliona midomo yake inacheza. Nilimwuliza baadaye kama alikuwa anaomba, akasema hapana, alikuwa anahesabu pumzi za mtoto. Sikumbishia. Mtu anayehesabu pumzi za mtoto na kutaka baada ya hii ije nyingine, na hana uwezo wa kuileta, mimi wa darasa la nne sijui tofauti yake na maombi iko wapi.

Kule chini, msaidizi wake, ambaye nyote mnamwita Dada Koleo, hakuuliza sanduku limekufa kwa nini. Aliunga nyaya kwenye ule mkono wa kizamani uliodharauliwa, akauvuta, umeme ukarudi. Zilikuwa dakika hamsini na mbili. Mstaafu mwenyewe amekiri kwamba angekuwa yeye pale, angetaka kwanza kujua chanzo, na zingekuwa saa mbili. Kwa hiyo siku hiyo alichosaidia zaidi ni kuwa mbali na karakana. Cheka, mwanangu, ni kweli.

Ningependa niishie hapo, ingekuwa hadithi ya kuchekesha wageni kwenye soda. Lakini mmoja wa wale wanne, mtoto wa kiume aliyebebwa na sista mwenyewe, alifariki siku ya tatu. Daktari wa watoto alipima, akasema ni maambukizi ya damu yaliyoanza kabla ya Jumatano, mtoto alikuwa ameshachoka kabla ya mjusi. Je, zile dakika zilimpunguzia kitu? Daktari alisema kwa uaminifu kwamba hajui, na hakuna atakayejua.

Hapo ndipo kila mwenye akili alipopandia jukwaa. Jumapili mchungaji wetu alihubiri kwamba Mungu alimtuma mjusi kukivunja kiburi cha mwanadamu. Alihubiri vizuri, jasho likamtoka. Nilimngoja mlangoni nikamshika mkono wa joho. "Mchungaji, mjusi katumwa na Mungu, nimesikia. Na yule mtoto, kifo chake kilitumwa na nani? Mama yake naye alikuwa na kiburi gani, yule mshona nguo wa cherehani?" Akafungua mdomo, akaufunga. Namheshimu sana kwa kuufunga. Alinifuata baadaye nyumbani akaniambia, mama, nilijifanya najua barua za Mungu kana kwamba mimi ndiye tarishi wake. Nikampa chai. Wahubiri wengi hawafiki hapo.

Mwanangu naye akachukua kalamu. Alijaza madaftari matatu kwa hesabu: mtoto wa uzito fulani, kwenye chumba cha joto fulani, hupoteza kiasi gani kwa dakika, kifuani mwa mtu hurudishiwa kiasi gani. Alikonda. Hesabu ikikataa anaanza upya. Mwishowe akaniletea barua ya kuacha kazi niikague, maana tangu utoto barua zake zote nakagua mimi, ingawa ananishinda tahajia. Iliandikwa kwamba yeye ndiye aliyemuua mtoto.

Nilimwuliza, "Hesabu imesema hivyo?"

"Hesabu haijasema, mama. Lakini nikikosa jibu lingine..."

"Kwa hiyo daktari hajui, sista hajui, mchungaji kanyamaza, ila wewe unajua."

Akaisoma tena ile barua.

"Mwanangu, nimekuzaa na nakupenda, kwa hiyo nitakwambia vibaya. Miaka tisa ulikuwa msaidizi wa Mungu kwenye kuokoa. Umeshindwa kazi hiyo, sasa unaomba kazi ya Mungu kwenye kuua. Ni kiburi kile kile, umekigeuza upande wa ndani kama soksi. Tundu ulitoboa, hilo ni lako, libebe. Mtoto hukumuumba na pumzi zake hukuzigawa. Hilo si lako, liweke chini."

Alilia, na mimi nikalia. Kisha nikaikunja barua nikaiweka kifuani, na Katibu asiitafute, hajaiona na hataiona.

Siku ya pili tulikwenda wote wawili kwa yule mama wa cherehani. Mwanangu alimweleza kila kitu, mjusi, tundu, nani alilitoboa, dakika ngapi. Hakujitetea. Yule mama aliacha kukanyaga cherehani akasikiliza mpaka mwisho. Aliuliza maswali mawili tu.

"Dakika zote hizo, mwanangu alikuwa amebebwa?"

"Alibebwa na sista. Hakuwekwa chini hata mara moja."

"Na hilo tundu umeliziba?"

"Nimeliziba, mama."

Akaendelea kushona. Hakusema amesamehe, na hatukumdai aseme. Nimemwendea juzi kumwomba ruhusa ya kuandika haya. Alisema, "Andika. Wakisema umeme haukuzimika, ni kama hakuwepo."

Sasa mmeelewa, ndugu wa utawala, kwa nini mstaafu hakubali sentensi yenu? Hajitafutii sifa ya kukiri. Dakika mlizofuta kwa kalamu zina mtoto ndani yake.

Jumatatu iliyofuata safari yetu kwa mama wa cherehani, daftari la maombi liliandikwa hivi: "Ufundi: tunaomba." Basi. Mchungaji akamwuliza mnaomba nini, fundi. Akajibu kwamba angekijua angeshakitengeneza.

Asiwepo mtu wa kuniambia kwamba tangu hapo alitupa akili. Mungu hakumpa kichwa kile akitumie kuvalia kofia. Alirudisha mkono wa kizamani, akaupaka rangi nyekundu, akafundisha kuuvuta walinzi, wapishi, wahudumu wa wodi, na wanawake wa dobi wakamshinda kila mtu kwa kasi. Jina la Bwana Hakika alilikataa, ingawa ninyi mmeendelea nalo, na ukimwuliza siku hizi kama kitu kitadumu anajibu, "Nimefanya ninavyojua. Kakague tena Ijumaa." Kwa miaka kumi na moja umeme umezimika mara nne, hakuna iliyozidi dakika sita, na kila mara yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuiandika. Dada Koleo anachukua nafasi yake, na mafundi sita wa karakana waliofundishwa na mstaafu, kila wakikwama, huanza na kinachohitajika kwanza, chanzo baadaye. Hakuna hospitali yenye mafundi kama hawa. Nimezunguka hospitali nyingi kwa presha hii, najua ninachosema.

Kibao cha shaba kimekwishachongwa, na Katibu analalamika. Kigeuzwe, upande wa nyuma uko safi.

Kwa niaba ya karakana, wauguzi, jikoni, na sisi wa masinki tulio hai na wenzetu waliotangulia, tunamshukuru mstaafu wetu kwa miaka thelathini na mitano. Mungu ampe uzee mtamu, magoti yasiyolia, wajukuu wanaomkatalia, na siku nyingi asizojua zitaleta nini, akazipokea hivyo hivyo.

Hiyo siku imesomwa, mwanangu, na dakika zake zote hamsini na mbili, na yule mama wa cherehani yupo mstari wa tatu amezisikia. Sasa simama watu wakuone. Na hiyo kola iweke sawa.